Fasihi Iingiayo Nyumbani: Uteuzi wa Vitabu vya Kumfunza Mtoto katika Garsen na Delta ya Tana

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya watoto katika Kiswahili umezoea kulitazama darasa. Wahakiki huuliza kama kitabu kinalingana na umri wa mwanafunzi, kama lugha yake ni sanifu, kama maadili yake yanakubalika, na kama kimeidhinishwa na taasisi inayosimamia mitaala. Maswali hayo ni ya lazima. Hata hivyo, yanachukulia kwamba baina ya mtoto na kitabu yupo mwalimu aliyesomea kazi hiyo, na kwamba shule itakuwa wazi muhula mzima. Katika Garsen na vijiji vya delta ya Mto Tana, mambo hayo mawili hayawezi kuchukuliwa kuwa ya hakika. Makala haya yanachunguza fasihi inayofaa kuingia nyumbani, mahali ambapo msomaji ni mama, babu au dada mkubwa, na ambapo hakuna mtahini.

Yafaa mpaka wa istilahi uwekwe mapema. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi nchini Kenya ahakikishe kuwa mtoto wake anahudhuria shule, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la wazazi waliotaka haki ya kuwafunzia watoto wao nyumbani badala ya shuleni. Kwa hiyo, "elimu ya nyumbani" katika makala haya haina maana ya mfumo unaoshindana na shule. Ina maana ya mafunzo yanayoendelea shule inapofungwa, inapozingirwa na maji, au inapokuwa mbali na malisho.

Hali hizo si za nadra katika Tana. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano baina ya Wapokomo na Waorma yaliua zaidi ya watu 100 na kuwatawanya maelfu ya wengine. Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Isipokuwa madarasa matatu yaliyorudi Oktoba mwaka huo, wanafunzi walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998, yale ya mwaka 2018, na yale yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 2023 na kurudi Aprili 2024, yaliwahamisha wakazi wa kando ya mto kwenda sehemu zilizoinuka. Mwaka 2024 muhula wa pili uliahirishwa nchini kote hadi tarehe 13 Mei. Upande wa wafugaji, kiangazi huwapeleka watoto mbali pamoja na mifugo, na ndiyo sababu Sheria hiyohiyo ya mwaka 2013 iliunda baraza la kitaifa la elimu ya wahamaji.

Jambo jingine linahusu umiliki wa kitabu. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za umma. Utaratibu huo umewapunguzia wazazi gharama, lakini umethibitisha kwamba kitabu ni mali ya shule. Mto unapopanda, kitabu hulowa kabatini. Familia inapokimbia, hukimbia bila kitabu. Vitabu vichache vinavyoweza kuwa mali ya nyumba vyapaswa basi kuteuliwa kwa makini zaidi kuliko vile vya darasani, kwa sababu hakuna vingine vya kuvisahihisha.

Hoja ya makala haya ni kwamba katika Tana vitabu vya nyumbani havitoshi kupimwa kwa ubora wa kila kimoja peke yake, wala kwa ukaribu wake na utamaduni wa mtoto. Kipo kipimo kinachopuuzwa, nacho ni kama kitabu kinamwingiza jirani nyumbani. Kwa kipimo hicho, Utenzi wa Fumo Liyongo, pamoja na matatizo yake yote, unastahili kuwa kiini cha orodha ya nyumbani katika delta.

2. Nadharia ya vitabu hai na mipaka yake

Mawazo ya kumfunza mtoto nyumbani kwa njia ya fasihi yanahusishwa sana na Charlotte Mason (1842–1923), mwalimu wa Uingereza ambaye kitabu chake Home Education kilitoka mwaka 1886. Mason alivipinga vitabu vya muhtasari vinavyomlisha mtoto taarifa kavu. Alitaka mtoto apewe kile alichokiita kitabu hai, yaani kitabu kilichoandikwa na mtu anayelipenda jambo lake, kwa lugha inayoamsha fikira. Badala ya mtihani, alipendekeza kusimulia: mtoto asomewe kifungu mara moja, kisha akisimulie kwa maneno yake mwenyewe. Mawazo hayo yalifufuka Marekani katika harakati za elimu ya nyumbani za miaka ya 1980 na baadaye, na yakazaa mitaala iliyojengwa juu ya orodha za vitabu vya hadithi. Mmojawapo ni Sonlight, ulioanzishwa mwaka 1990 kwa ajili hasa ya familia za wamishonari walioishi ng'ambo.

Katika nadharia hii yafaa kutenganisha njia na orodha. Njia ya kusimulia si ngeni katika Afrika Mashariki. Utambaji wa ngano umejengwa juu yake: aliyeisikia ngano jana huitamba leo mbele ya wadogo zake, na hadhira humsahihisha akikosea. Mtoto anayesimulia upya alichosomewa anafanya kile ambacho wanafasihi simulizi wamekieleza kwa muda mrefu kuhusu uhusiano wa fanani na hadhira. Mzazi asiyejua kusoma naye anaweza kusikiliza, kuuliza na kukosoa. Hilo ni jambo kubwa kwa nyumba ambamo mwenye kusoma ni mtoto mkubwa peke yake.

Orodha, kwa upande mwingine, ina masharti yasiyotajwa. Inadai rafu, paa lisilovuja, taa ya usiku, pesa za kununulia vitabu kwa makumi, na Kiingereza cha mzazi. Zaidi ya hayo, orodha iliyoundwa kwa ajili ya mtoto wa mmishonari ina shabaha yake: inambebea mtoto aliye mbali nyumba aliyoiacha nyuma, ili akirudi asiwe mgeni kwao. Shabaha hiyo ni halali. Lakini mzazi wa Garsen akiichukua orodha hiyohiyo, inafanya kazi kinyume: mtoto aliye kwao anafunzwa kuwa mgeni wa kwao.

Haifuati kutokana na hayo kwamba kitabu cha mbali ni kibaya. Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, vilivyotafsiriwa na Frederick Johnson wakati wa ukoloni wa Mwingereza, vilisomwa kwa furaha na vizazi vya Waswahili ambao hawakuwa wameiona Uingereza. Hekaya za Abunuwasi na za Alfu Lela Ulela zilitoka mbali, zikawa za wenyeji. Kwa hiyo umbali si kosa, na ukaribu peke yake si sifa. Hoja hii ya pili ndiyo yenye uzito zaidi katika Tana.

3. Kilichokuwamo nyumbani kabla ya kitabu

Kabla ya kuuliza ni vitabu gani viletwe, ni haki kuuliza nyumba ilikuwa na nini. Jibu mashuhuri zaidi linatoka kwa Wapokomo wa Mto Tana. Mwaka 1963 kamati iliyotafuta wimbo wa taifa la Kenya iliichagua lahani ya wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, iliyotolewa na Meza Moroa Galana, mzee wa Kipokomo. Kipande cha fasihi ya nyumbani, kilichotungwa kwa ajili ya mtoto anayelia, kikawa sauti ya taifa zima. Lahani ilichukuliwa, maneno yakaachwa. Maneno mapya ya Kiswahili na Kiingereza yaliandikwa, na yale ya mama yakabaki katika vijiji vya mtoni. Mtoto wa Garsen anaijua lahani hiyo kutoka mstari wa gwaride la asubuhi shuleni, na huenda asiambiwe kamwe kwamba ilitoka katika nyumba za Wapokomo.

Mfano wa pili ni wa ngano. Mwaka 1913 jarida la Folklore la London lilichapisha makala ya Alice Werner kuhusu masimulizi ya Wapokomo, aliyoyakusanya alipozuru pwani ya Kenya. Kwa mtafiti, makala hiyo ni hazina. Kwa mtoto wa Tana, ni kitu kilichoondoka nyumbani kikageuzwa Kiingereza na kuhifadhiwa mahali asipoweza kufika. Kazi ya kukirudisha, kwa Kipokomo na kwa Kiswahili, katika umbo ambalo dada mkubwa anaweza kulisoma kwa sauti, haijapewa uzito unaoistahili.

Upo pia utamaduni wa maandishi ya nyumbani ambao haukungoja shule ya kikoloni. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu kwa ajili ya binti yake, ni kitabu cha elimu ya nyumbani kwa maana kamili ya neno. Mtunzi ni mgonjwa anayeogopa kufa kabla ya kumaliza kumlea mwanawe. Anamwita akae karibu naye, achukue wino na karatasi, asikilize. Hapa mama ni mtunzi na mwalimu, na binti ni mwandishi na hadhira ya kwanza. Utendi huu umelaumiwa kwa kumfunza mwanamke kumtii mume kupita kiasi, na umetetewa na wahakiki kama Ann Biersteker waliouona umebeba ujuzi wa mwanamke wa kujiendesha katika mamlaka asiyoyaweka yeye. Mjadala huo haupunguzi thamani yake nyumbani. Binti wa leo wa Garsen anayeusoma pamoja na mama yake ana nafasi ya kuuliza, mbele ya mtu anayemjua, ni yapi ya kushika na ni yapi ya kuacha. Darasa lenye wanafunzi hamsini halitoi nafasi hiyo kwa urahisi.

4. Hatari ya nyumba iliyofungwa

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba dawa ni kuanzia nyumbani. Msimamo huo una historia ya heshima katika vyuo vya Afrika Mashariki. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe, na mahali pake pawe na idara itakayoiweka fasihi ya Kenya, ya Afrika Mashariki na ya Afrika katikati, kisha kuzitazama fasihi nyingine kutokea hapo. Fasihi simulizi ilipewa nafasi ya msingi. Mpango huo waweza kuchorwa kama duara ndani ya duara: nyumbani kwanza, jirani baadaye, ulimwengu mwisho.

Mchoro huu ulifaa kuuondoa ukoloni katika chuo kikuu. Katika delta ya Tana unagonga mwamba, kwa sababu unachukulia kwamba nyumbani ni pamoja. Duara la kwanza la mtoto wa Kipokomo lina shamba la kando ya mto, mtumbwi na mwembe. Duara la kwanza la mtoto wa Kiorma lina ng'ombe, malisho na safari ya kwenda malka, yaani njia ya kupitisha mifugo hadi majini. Malka hiyo inapita katika shamba. Jirani katika Tana hakai katika duara la pili. Amekaa juu ya mstari wa duara la kwanza, na hapo ndipo ugomvi wa miaka mingi ulipo.

Shule, pamoja na upungufu wake, ina sifa moja ambayo nyumba haina: inawakalisha watoto wa jamii mbalimbali chini ya paa moja. Inapofungwa, kila mtoto hurudi kwa watu wake na kwa masimulizi ya watu wake. Fasihi simulizi haina utakatifu katika jambo hili. Ngano na methali hufunza ukarimu, na baadhi ya masimulizi hutunza pia majina ya kejeli na hesabu za damu. Baada ya mwaka kama 2012, mtoto aliyehamishwa anaweza kukaa miezi mingi akisikia upande mmoja tu, kutoka kwa watu anaowapenda na walioumia kweli. Mzazi anayemteulia vitabu vya "utamaduni wetu" peke yake, kwa nia njema kabisa, anaweza kuongeza tofali katika ukuta uleule.

Hapo ndipo kipimo cha jirani kinapokuwa cha lazima. Kitabu kinachokidhi kipimo hiki si lazima kihubiri amani. Vitabu vya kuhubiri amani huandikwa kwa wingi baada ya kila mapigano, na vingi vyao havimkai mtoto moyoni kwa sababu wahusika wake ni vielelezo. Kinachotakiwa ni kitabu ambacho watu wa delta wamo ndani yake wakiwa na tamaa, hofu, akili na makosa, na ambamo hadithi haiwezi kwenda mbele bila wao.

5. Utenzi wa Fumo Liyongo kama kitabu cha delta

Hadithi ya Liyongo ilichapishwa kwa nathari na Edward Steere mwaka 1870, na umbo lake la utenzi linalofahamika zaidi liliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, mwaka uleule wa makala ya Werner kuhusu Wapokomo. Wahakiki wengi wameusoma utenzi huu kama utendi wa kishujaa, na wengine wamelumbana juu ya wakati alioishi Liyongo. Kwa mahitaji ya makala haya, jambo la kwanza ni mahali. Masimulizi yanamweka Liyongo kwenye mlango wa Mto Tana, katika nchi ya Ozi na Ungwana, na kaburi linalosemwa kuwa lake linaonyeshwa Kipini. Waswahili wa visiwani wanamdai, na Wapokomo wana masimulizi yao juu yake. Mtoto wa Garsen anayesomewa utenzi huu anasomewa kuhusu mto wake.

Jambo la pili ni wahusika. Wanaomwomba Liyongo aoe kwao ni Wagala, jina ambalo watunzi wa zamani waliwaita watu wa jamii ya Waoromo, ambao Waorma wa leo ni miongoni mwao. Wanaoshawishiwa na sultani wa Pate wamuue ni Wasanye na Wadahalo, wawindaji wa misituni. Hila wanayoipanga ni ya kula makoma kwa kikoa: kila mtu apande mkoma kwa zamu, na zamu ya Liyongo ikifika apigwe mishale akiwa juu. Liyongo haupandi mti. Anayaangua makoma kwa mishale akiwa chini. Mtoto wa delta, ambako mikoma imejaa, hahitaji tanbihi ili aielewe hila hiyo wala werevu wa kuikwepa. Kwa hiyo katika kazi moja wamo wakazi wa miji, wafugaji na wawindaji, na kila kundi lina sababu ya kutenda inalotenda.

Jambo la tatu ni taswira za nyumbani. Liyongo anapokutana na Wagala, anayatoa mkobani mwake mambo ya nyumba nzima: kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu, sahani, mafiga. Wahakiki wameichukua sehemu hii kuwa chuku ya kuonyesha nguvu zake, na ndivyo ilivyo. Lakini chuku huchagua kitu cha kutilia chumvi, na Kijumwa hakuchagua silaha. Shujaa huyu ni mtu aliyefukuzwa mjini, na nguvu zake zinapimwa kwa uwezo wa kuibeba nyumba. Kwa mtoto aliyeona vyungu na godoro vikipakiwa juu ya mtumbwi maji yalipopanda, taswira hiyo ina uzito ambao darasa la mjini halitauhisi. Vivyo hivyo kisa cha gerezani. Kinachomwokoa Liyongo ni mkate wa wishwa uliotiwa tupa ndani yake na mama yake, ukapelekwa na Saada, mjakazi. Walinzi wanakula vyakula vizuri na kumwachia mfungwa mkate duni. Ukombozi umetoka jikoni, kwa akili ya wanawake wawili, mmoja wao mtumwa. Mzazi anayeusoma utenzi huu na mtoto hawezi kulipita neno mjakazi bila kueleza utumwa wa pwani, na hapaswi kulipita.

Matatizo ya utenzi huu yapo wazi. Jina Wagala leo ni la kudhalilisha, na Waorma hawalikubali. Anayemuua Liyongo, kwa kumdunga sindano ya shaba kitovuni akiwa amelala, ni mwanawe aliyezaliwa na mama wa Kigala. Katika nyumba ya Waswahili au ya Wapokomo, mtoto anaweza kujifunza kwamba khiana inatoka katika damu ya mfugaji. Katika nyumba ya Waorma, anaweza kuhisi kwamba ametukanwa. Mhakiki anayependekeza utenzi huu bila kulikabili jambo hilo anawaachia wazazi kazi ngumu kuliko yote.

Usomaji wa karibu unaonyesha kwamba maandishi yenyewe yanaikataa tafsiri hiyo. Wagala wanamtaka Liyongo kwa sababu wanamstahi. Wanataka mbegu yake, hawataki kifo chake. Chuki imeanzia ndani ya jumba la Pate, kwa mtawala anayeogopa umaarufu wa jamaa yake mwenyewe. Ni yeye anayemwahidi kijana uwaziri na kumwoza binti yake. Kijana anajikuta kati ya nyumba mbili, akiwa na haja ya kupata mahali pa heshima, na mwenye madaraka anainunua haja hiyo. Matoleo yanatofautiana juu ya mwisho wake, lakini hakuna linalomwacha astarehe na malipo ya khiana. Dhamira inayojitokeza ni kwamba damu mchanganyiko haikumtengeneza msaliti. Amemtengeneza anayegawa vyeo ili wengine wamwage damu kwa niaba yake. Somo hilo linaihusu moja kwa moja delta ambako, tangu mwaka 2012, swali la nani alinufaika na mapigano ya wakulima na wafugaji limeulizwa mara nyingi.

Mwisho wa utenzi unaikaza dhamira hiyo. Liyongo akiwa na jeraha la kifo anakwenda karibu na kisima, anapiga goti, anaupinda upinde wake, na anafia hapo bila kuanguka. Watu wanadhani yu hai. Hakuna anayethubutu kuteka maji, na mji mzima unakaa na kiu hadi mama yake anapoletwa kumsihi. Hila ya jumbani imeishia kwa kuwanyima maji watu wasiohusika. Mtoto anayeijua malka, au anayejua shamba lililo kando ya malka, anaelewa maana ya mtu mwenye silaha kusimama baina ya watu na maji. Akiombwa asimulie upya sehemu hii, kwa njia aliyoitaka Mason na waliyoijua mabibi wa Tana kabla yake, ataisimulia kwa kisima anachokijua yeye.

6. Lugha, umri na vitabu vya kuandamana

Utenzi wa Kijumwa ni wa Kiamu, na hiyo ni shida ya kweli. Shida hiyo haiko sawa katika kila nyumba. Kipokomo ni lugha ya kundi la Sabaki pamoja na Kiswahili, Kimijikenda na Kikomoro, kama walivyoeleza Nurse na Hinnebusch mwaka 1993. Msikilizaji wa Kipokomo hupata maneno ya Kiamu yanayofanana na ya nyumbani kwao kuliko yanavyofanana na Kiswahili sanifu. Kiorma ni lugha ya Kikushi. Mtoto wa Kiorma anakifikia Kiswahili kutoka mbali, mara nyingi baada ya kukaa duksi na ubao wa Kurani, akiwa na mazoezi makubwa ya kuhifadhi kwa moyo. Kuitaka kila nyumba isimulie kwa Kiswahili ni kuipendelea nyumba moja. Inafaa zaidi kitabu kisomwe kwa Kiswahili na kusimuliwa kwa lugha ya nyumbani. Hapo mtoto wa Kiorma atalazimika pia kuamua ni jina gani atakalowaita watu wa mama yake kijana yule, na uamuzi huo ni uhakiki wa fasihi kwa kiwango chake.

Kwa umri, orodha haina haja ya kuwa ndefu. Watoto wadogo wanatosheka na visa vya makoma, mkoba na mkate vilivyotambwa bila kitabu, pamoja na ngano za pande zote mbili za malka. Wanaojua kusoma wana Mkasa wa Shujaa Liyongo (2001) wa Bitugi Matundura, uliowaandalia watoto hadithi hiyo kwa nathari nyepesi. Vijana wanaweza kupewa Tenzi Tatu za Kale, iliyohaririwa na M. M. Mulokozi mwaka 1999, ambayo ina Fumo Liyongo, Al-Inkishafi na Mwana Kupona katika juzuu moja. Ni vigumu kupata kitabu kingine kinachobeba mengi kiasi hicho katika uzito unaobebeka mkononi. Kando yake yafaa Chozi la Heri (2017) ya Assumpta Matei, riwaya iliyotahiniwa katika shule za sekondari, ambamo Ridhaa anawapoteza watu wa nyumba yake katika moto uliowashwa na jirani. Riwaya hiyo haifai kwa mtoto mdogo. Kwa kijana aliyehamishwa, inamweleza kwamba yaliyompata yamewapata Wakenya wengine, na kwamba yanaweza kuandikwa. Kwa visomo vya bure, mradi wa African Storybook unatoa hadithi fupi zenye leseni inayomruhusu mtu yeyote kuzitafsiri, na hivyo kufungua njia ya maandishi ya Kipokomo na Kiorma.

Huenda ikadaiwa kwamba orodha hii inampotezea mtoto wakati wa kujiandaa kwa mitihani. Dai hilo lina ukweli kwa mtahiniwa aliyebakisha miezi michache. Kwa mtoto mwingine, kujua kusikiliza kifungu kirefu, kukisimulia kwa mpangilio na kutetea maoni juu ya mhusika ni uwezo uleule unaopimwa katika ufahamu, insha na fasihi, na ni uwezo usiolowa maji yanapoingia shuleni.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba uteuzi wa vitabu vya nyumbani katika Garsen na delta ya Tana ni suala la uhakiki, na kwamba haufai kuachiwa orodha za kuagizwa kutoka nje wala mwito wa jumla wa kurudi katika utamaduni. Orodha za kuagizwa zina njia njema na mahali pasipo pake. Mwito wa utamaduni una mahali pake, lakini unaweza kumfungia mtoto ndani pamoja na uchungu wa watu wake. Utenzi wa Fumo Liyongo unaepuka hatari hizo mbili kwa kuwa ni wa mto huuhuu na kwa kuwa hauwezi kusimuliwa bila jirani, ingawa unamdai msomaji mzima awe karibu na mtoto.

Kazi iliyobaki ni ya wataalamu pamoja na wazazi. Masimulizi ya Wapokomo na ya Waorma juu ya Liyongo, na juu ya wao kwa wao, yanahitaji kukusanywa upya kwa lugha zake na kutafsiriwa kwa Kiswahili katika vijitabu vya kusomwa kwa sauti. Idara za Kiswahili na za fasihi za vyuo vikuu vya Kenya, hasa Chuo Kikuu cha Pwani kilichopo Kilifi, zina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za utafiti. Toleo moja la Liyongo lenye sauti ya Kipokomo na ya Kiorma kando ya Kiamu cha Kijumwa lingekuwa tasnifu nzuri, na lingekuwa pia kitabu cha kwanza ambacho nyumba mbili za pande mbili za malka zinaweza kukimiliki kwa pamoja.